Jinsi ya Kuhudhuria MerleFest, Tamasha la Bluegrass Chini ya Milima ya Blue Ridge: Mwongozo Kamili

Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili, mji mdogo wa Wilkesboro katika jimbo la North Carolina, Marekani, hupokea maelfu ya wageni wanaokuja kusikiliza muziki wa nyuzi uitwao bluegrass kwa siku nne mfululizo, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Tamasha hilo huitwa MerleFest. Mji wenyewe uko chini kidogo ya ukingo wa milima ya Blue Ridge, pale ambapo barabara inayotoka mashariki huyaacha maeneo tambarare na kujiandaa kupanda, na muziki hupigwa katika viwanja vya chuo cha Wilkes Community College, katikati ya miti na majengo ya madarasa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Mswahili anayeishi Marekani au Kanada, na pia kwa yule anayepanga safari kutoka nyumbani Afrika Mashariki, ambaye ameuzoea muziki huu kwenye simu na sasa anataka kuusikia mahali unapopigwa na wenyewe. Nia yangu kubwa ni kukusaidia upange fedha, muda na nguvu zako kwa namna ambayo zitakubakia za kutosha kwa ajili ya majukwaa madogo na miduara ya wapigaji chini ya miti, kwa sababu huko ndiko uhai wa tamasha ulipo.

Ujue kwanza unakwenda kusikiliza nini

Bluegrass si muziki wa kale sana, ingawa mizizi yake ni ya kale. Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 huko Rosine, Kentucky, aliipa bendi yake jina la Blue Grass Boys kwa heshima ya jimbo lake, ambalo watu huliita jimbo la majani ya buluu. Mwaka 1939 alipokelewa katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville. Hata hivyo mlio ambao leo tunautambua mara moja kuwa ni bluegrass ulikamilika baada ya Desemba 1945, pale Earl Scruggs, kijana wa North Carolina, alipojiunga na bendi hiyo akiwa na banjo aliyoipiga kwa vidole vitatu, noti zikimwagika kama mvua juu ya bati.

Vyombo ni vichache, na inafaa uvijue kwa sauti zake kabla hujafika: banjo ya nyuzi tano, fidla, mandolini, gitaa kavu, besi kubwa inayopigwa kwa kusimama, na mara nyingine gitaa la kulaza linalotelezeshwa chuma juu ya nyuzi. Ngoma kwa kawaida haipo. Kazi ya ngoma hugawanywa kati ya besi, inayoshika pigo zito, na mandolini, ambayo hukata pigo jepesi linalofuata kwa mlio mfupi na mkavu. Ukiwa umekaa karibu, mtazame mpiga mandolini mkono wa kushoto: mara tu anapogonga nyuzi hulegeza vidole ili sauti izimike papo hapo. Kuzimika huko ndiko kunakompa msikilizaji hamu ya kutikisa mguu.

Kuhusu banjo, nasema kwa moyo wote kwamba Mwafrika hana sababu ya kujiona mgeni mbele yake. Ilivuka bahari katika kumbukumbu na mikono ya Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa, na wataalamu huilinganisha na ala za Afrika Magharibi kama vile akonting ya Wajola wa Senegambia, ambayo nayo ina kibuyu, ngozi, mpini mrefu na uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa kidole gumba. Mwaka 2005 mpigaji mashuhuri wa banjo, Béla Fleck, ambaye amewahi kupanda majukwaa ya MerleFest, alisafiri na ala yake hadi Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Nchini Tanzania alipiga pamoja na wanamuziki wa Kigogo, akiwamo Anania Ngoliga, asiyeona, bingwa wa ilimba, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Yeyote aliyekulia akisikia zeze la Dodoma atakuta fidla ya milimani haimpi tabu masikioni.

Jambo la mwisho la kujua ni asili ya tamasha lenyewe. Doc Watson, mpiga gitaa wa milima hiyohiyo, aliyezaliwa mwaka 1923 na kupoteza uwezo wa kuona kabla hajatimiza mwaka mmoja, alikuwa na mwana aliyeitwa Eddy Merle, ambaye alikuwa mwenzake wa muziki katika safari zake nyingi. Merle alifariki Oktoba 1985 katika ajali ya trekta. Chuo kilimwomba mzee apige muziki ili kuchangisha fedha za bustani ya kumbukumbu, na onyesho hilo la mwaka 1988 likawa tamasha la kila mwaka. Bustani hiyo ipo chuoni hadi leo, na ilipandwa kwa kuwafikiria watu wasioona, ili mimea itambulike kwa harufu na kwa kuguswa. Tenga robo saa uitembelee asubuhi, kabla watu hawajajaa.

Tiketi na uchaguzi wa siku

Hatua ya kwanza ni kuamua siku ngapi unazimudu. Tiketi huuzwa za siku moja moja na za siku zote nne, na bei hupanda kadiri tamasha linavyokaribia, hivyo anayenunua miezi mitano kabla hulipa kidogo kuliko anayenunua langoni. Nunua kupitia tovuti rasmi ya tamasha peke yake, na usome hapo masharti ya watoto, kwa kuwa tamasha hili ni la familia na mara nyingi watoto hupewa unafuu.

Kama fedha inatosha siku moja tu, ushauri wangu ni Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku ya majina makubwa, lakini pia ndiyo siku ya msongamano, na mgeni anayehangaika na foleni hawezi kusikiliza kwa utulivu. Ikiwa siku mbili zinawezekana, chukua Ijumaa na Jumapili, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni. Viti vya namba mbele ya jukwaa kuu, yaani Watson Stage, huuzwa kwa nyongeza ya bei, na kwa mtu anayekuja mara ya kwanza sioni haja yake, kwani vitamfunga mahali pamoja.

Kwa anayesafiri kutoka Afrika Mashariki, viza ndiyo itakayoamua ratiba yote. Foleni ya usaili ubalozini inaweza kuwa ndefu na masharti hubadilika, hivyo anza kushughulikia mwaka mmoja kabla, na usilipie tiketi ya ndege wala hoteli isiyorudishwa fedha kabla viza haijawa mkononi.

Mahali pa kulala

Hoteli za Wilkesboro na za mji jirani wa North Wilkesboro si nyingi, na wanaohudhuria kila mwaka huweka nafasi zao mapema sana, wengine wakiwa bado wanatoka kwenye tamasha la mwaka uliotangulia. Ukichelewa, tafuta Elkin upande wa mashariki, Boone upande wa magharibi, au Winston-Salem, ambako vyumba ni vingi na umbali ni wa takriban saa moja kwa gari.

Kambi ni bora zaidi kwa yule ambaye mwili wake unastahimili kulala hemani, kwa sababu baada ya majukwaa kunyamaza muziki huhamia kwenye mahema na kuendelea hadi usiku wa manane. Kuna kambi za watu binafsi karibu na chuo, na kuna zile za serikali kando ya bwawa la W. Kerr Scott, kilomita chache kutoka mjini, ambazo huwekewa nafasi kwa mtandao. Kabla ya kulipa, uliza saa ya ukimya. Kambi nyingine hutaka kimya kuanzia saa nne usiku, na nyingine huwaachia wapigaji hadi wachoke wenyewe, na ni muhimu kujua umeingia katika ipi, hasa kama una watoto.

Kufika

Uwanja mkubwa wa ndege wa karibu ni Charlotte, na ule wa Greensboro pia unafaa. Kutoka kila kimoja ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari. Usitegemee treni wala basi la moja kwa moja. Ndugu zetu wengi, hasa Wakongo, wanaishi Greensboro, High Point na Winston-Salem, na kama unamfahamu mtu huko, kukusanyika wanne au watano katika gari moja kutapunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Njia ni barabara kuu namba 421, na ukitoka Winston-Salem asubuhi mapema utaona milima ikiinuka mbele yako polepole, kwanza kama wingu la buluu, kisha kama ukuta.

Gari huegeshwa katika maegesho rasmi yaliyo mbali kidogo na chuo, na mabasi ya tamasha huwabeba watu hadi langoni. Andika namba au jina la maegesho yako, kwa sababu saa tano usiku viwanja vyote vya majani hufanana. Weka pia akiba ya dakika arobaini na tano kati ya kuegesha gari na onyesho la kwanza unalolitaka.

Mavazi na mzigo

Aprili ya milimani haiaminiki. Mchana joto linaweza kufika nyuzi 24, na usiku uleule likashuka hadi 7 au 8, huku ngurumo za mvua zikipita jioni bila kutoa taarifa ndefu. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na viatu vya ngozi na shati moja jepesi. Mvua ilinyesha Alhamisi alasiri, njia za kwenda kwenye majukwaa zikawa tope, nami nikaikosa jioni nzima nikiwa ndani ya gari nikijikausha. Tangu hapo huvaa kwa tabaka: fulana, shati la mikono mirefu, sweta la sufu, na koti la mvua lenye kofia. Mwavuli huwazibia walio nyuma, kwa hiyo uache. Mabuti ya mpira ni ya lazima kwa anayepiga kambi, na soksi za akiba zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Beba kiti cha kukunja chenye mgongo mfupi, kwa maana kiti kirefu hakitakiwi mbele ya wengine waliokaa chini. Beba chupa ya maji, mafuta ya kukinga jua, kofia, kurunzi ndogo na betri ya akiba ya simu. Mwenye mzio achukue dawa yake, kwani ni msimu wa chavua na miti ya misonobari na mialoni hufunika magari kwa unga wa manjano. Mifuko hukaguliwa langoni, na pombe ya kubeba kutoka nje hairuhusiwi.

Kuipanga siku

Usiku uliotangulia, pakua ratiba na uisome ukiwa na kalamu. Majukwaa ni zaidi ya kumi, na maonyesho hupishana kiasi kwamba haiwezekani kuona yote. Chagua matatu ambayo hutakubali kuyakosa, uyazungushie mduara, kisha uache nafasi tupu kati yake. Kumbuka kwamba ratiba imeandikwa kwa saa za Kizungu, hivyo saa nne ya mchana kwenye karatasi ni saa kumi jioni kwetu. Nimeona mgeni wetu akifika mbele ya jukwaa saa sita nzima baada ya onyesho alilolifuata.

Jukwaa kuu lina mfumo mzuri ambao unapaswa kuufahamu. Pembeni yake kuna jukwaa dogo lililojengwa kama baraza ya nyumba ya magogo, linaloitwa Cabin Stage, na wakati bendi moja inaondoa vyombo vyake kwenye jukwaa kuu, mwanamuziki mwingine hupiga pale kwenye baraza. Kwa hiyo aliyekaa kwenye majani ya mteremko hapati pengo la kimya. Jukwaa kuu liweke kwa ajili ya jioni. Asubuhi na alasiri, nenda kwenye yale madogo, kama vile Creekside lililo kando ya kijito, na lile la muziki wa jadi, ambako watu hukaa karibu kiasi cha kusikia mpigaji akivuta pumzi kabla ya kuimba.

Huko madogoni tafuta bendi zinazotumia kipaza sauti kimoja kwa wote. Waimbaji husogea na kurudi nyuma kama watu wanaopishana jikoni: mwenye fidla anapotaka kusikika huinama mbele, akimaliza hujiondoa kwa bega, na banjo huingia pengoni bila kugusana na yeyote. Sauti haisawazishwi na fundi wa mitambo, inasawazishwa kwa miguu yao. Dakika kumi za kuangalia jambo hilo zitakufundisha bluegrass kuliko maelezo yangu yote.

Adabu ya msikilizaji nayo inatofautiana na yetu. Makofi hutolewa katikati ya wimbo, kila mara mpigaji mmoja anapomaliza zamu yake, lakini wakati wa kuimba watu hunyamaza ili wasikie maneno. Yule aliyezoea taarabu asiinuke kwenda kumtunza mwimbaji jukwaani, kwani hapo haifanyiki na walinzi watamzuia. Shukrani huonyeshwa kwa kununua muziki wao mezani baada ya onyesho, ambako wanamuziki wengi husimama wenyewe na kuzungumza na watu kwa upole.

Kuingia katika mduara

Hapa naomba uchukue muda wako. Katika tamasha kuna sehemu zilizotengwa kwa ajili ya watu wa kawaida kupiga pamoja, na nyingine hujizalisha zenyewe chini ya mti, kambini, hata kwenye maegesho. Mtu mmoja hukaa na gitaa, wa pili hufika na fidla, na baada ya nusu saa wamekuwa wanane ambao wengine hawajuani majina.

Kwanza, simama nje ya mduara usikilize nyimbo mbili au tatu. Tambua kama ni mduara wa bluegrass, ambamo kila mtu hupewa zamu ya kupiga peke yake, au ni wa muziki wa jadi zaidi, ambamo wote hupiga wimbo mmoja kwa pamoja, kuuzungusha na kuuzungusha bila zamu. Pima pia uwezo wao. Kama kasi yao inakushinda, kaa safu ya nyuma ukipiga kimyakimya au usikilize tu, kisha utafute mduara wa wanaojifunza, ambao siku zote upo.

Pili, linganisha nyuzi zako kabla hujakaribia, kwa kifaa kidogo cha kubana kwenye kichwa cha gitaa. Chombo kisicholingana huharibu kazi ya wengine wote. Tatu, subiri wimbo umalizike, mtazame mmoja wao usoni, na uombe nafasi kwa maneno machache ya heshima. Sijawahi kuona mtu aliyeomba kwa adabu akikataliwa. Nne, sikiliza anayeongoza anapotaja ufunguo, yaani sauti ambayo wimbo utaegemea. Mara nyingi utakuwa G au A, na wenye magitaa na banjo huweka kibanio shingoni mwa ala ili wabaki na mikao ile ile ya vidole. Nyimbo nyingi husimama juu ya kodi tatu tu, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, ya kwanza, ya nne na ya tano, kwa hiyo aliyepiga kwaya kanisani au rumba nyumbani atakuta mlango uko wazi.

Zamu hupita kwa macho. Anayeongoza hukutazama na kutikisa kichwa. Ukiwa tayari, ingia, na ukiwa hauko tayari, tikisa kichwa kukataa, naye atamgeukia jirani yako bila kinyongo. Mtu anapoimba au kupiga zamu yake, shusha sauti ya chombo chako hadi uyasikie maneno yake vizuri. Na mwisho wa wimbo hautangazwi kwa mdomo: kiongozi huinua mguu mmoja juu. Mwaka juzi, chini ya mwaloni, nilimwona mzee wa miaka kama themanini akiinua buti lake lenye tope sentimita chache tu kutoka ardhini, na wapigaji tisa, mdogo wao akiwa msichana wa kama miaka kumi mwenye fidla, wakamaliza kwenye pigo moja kama mlango uliofungwa. Yule msichana alikuwa hajaacha kuangalia buti hilo tangu ubeti wa mwisho uanze.

Asiyepiga chombo pia anakaribishwa. Akae kwenye kiti chake nyuma ya wapigaji, asipitie katikati ya mduara, na aombe ruhusa kabla ya kurekodi.

Chakula

Vyakula vingi huuzwa na vikundi vya wenyeji vinavyochangisha fedha kwa ajili ya shughuli zao, hivyo senti yako inabaki katika wilaya. Muislamu na yeyote asiyekula nguruwe lazima ajue kwamba katika North Carolina neno babikyu, likitajwa peke yake, maana yake ni nyama ya nguruwe. Si hiyo tu: maharage na mboga za majani mara nyingi hupikwa na kipande cha nguruwe ndani ya sufuria, na mikate midogo ya asubuhi huweza kuwa na mafuta yake. Uliza bila aibu. Watajibu kwa ukweli. Mahindi ya kuchoma, viazi, samaki na matunda ni salama zaidi, na ni busara kuja na tende, karanga au chapati zako kambini. Kwa swala, nyuma ya majengo ya madarasa kuna viwanja tulivu vya majani, na sijawahi kusumbuliwa na mtu.

Jumapili

Wengi hufunga mahema yao Jumapili asubuhi, na ndiyo sababu nakusihi ubaki. Asubuhi hiyo ni ya nyimbo za injili, sauti nne zikipandana bila haraka, na umati umepungua kiasi kwamba unaweza kukaa mahali popote. Doc Watson mwenyewe alipiga kwa mara ya mwisho asubuhi ya namna hiyo, kwenye Creekside, tarehe 29 Aprili 2012, akafariki mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 29 Mei.

Muziki ukiisha, usirudi mashariki moja kwa moja. Endelea na barabara ya 421 kupanda kilomita kama hamsini hadi Boone, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ukipita Deep Gap alikoishi mzee. Beba sweta, kwa kuwa huko juu majani ya miti huwa bado machanga wakati kule chini yamekwisha kukomaa. Katika mtaa wa King, katikati ya mji, kuna sanamu yake ya shaba, ameketi kwenye benchi akiwa na gitaa, na kibao chake kina maneno machache aliyoyataka mwenyewe, kwamba alikuwa mmoja tu miongoni mwa watu. Kwenye benchi hilo pameachwa nafasi ya mtu wa pili.